Zinawaka! Nimeziona seli zinazoupa utumbo mdundo

Jamani, zinawaka! Sijui nianzie wapi, basi nianze na rangi. Utumbo wa panya umepasuliwa kwa urefu, umetandazwa bapa, utando wake wa ndani umebanduliwa ukabaki msuli mtupu. Ukiutazama kwa hadubini ya kawaida ni nyama tu, nyuzi za kijivu zilizolaliana. Lakini ukishanyweshwa kingamwili inayofaa na kupigwa mwanga unaofaa, giza linatanda kila mahali isipokuwa kwenye seli fulani zenye kiwiliwili kidogo na mikono mirefu. Kila mkono umeshika mkono wa jirani, na jirani wa jirani, mpaka ukingoni mwa picha. Aliyewahi kusimama ufukweni Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndagala zimetapakaa kwenye ghuba ya Burton hadi upande wa Ubwari, ameshaiona picha hii.

Hizo ndizo seli za Cajal. Ndizo zinazoupangia mwendo mfuko wako wa chakula, mapigo 3 kwa dakika, na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mapigo kama 12, na ile ya mwisho kama 8. Wewe huziamrishi. Ubongo wako nao hauziamrishi. Uwe umeshiba bukari na sombe au umelala na njaa, zenyewe zinapiga tu.

Niseme mapema kwamba duniani habari hii si ya jana. Ni mpya kwangu, na nadhani ni mpya kwa wengi kati ya Fizi na Baraka, ambako matumbo huzungumzwa kila siku ya Mungu: kipindupindu, amiba, minyoo, taifodi. Tunajua vinavyouharibu utumbo, lakini nani anauendesha? Nimefundisha mwili wa binadamu kwa kitabu ambacho hakizitaji seli hizi hata kwa mstari mmoja. Kwa hiyo mtanivumilia nikipiga kelele kidogo.

Ushahidi wa kwanza hauhitaji maabara. Nenda machinjioni asubuhi, mbuzi amekwisha kuchinjwa, matumbo yametolewa yakawekwa kwenye karai. Yatazame. Yanatembea! Kichwa kiko kule, moyo umenyamaza, damu imekauka chini, na utumbo bado unajikunja taratibu, unasukuma kitu kisichokuwepo. Watoto hukimbia wakidhani mnyama hajafa. Mchinjaji hacheki wala hashangai, kwake ni kazi ya kila siku. Na wanasayansi wamelitazama jambo hilohilo kwa muda mrefu: mwaka 1899 Waingereza wawili, William Bayliss na Ernest Starling, waliikata mishipa ya fahamu inayoingia kwenye utumbo kutoka nje, na utumbo ukaendelea na kazi yake. Miaka mitano baadaye Mjerumani Rudolf Magnus alikuwa anatundika vipande vya utumbo kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu na hewa ya oksijeni, navyo vikicheza saa baada ya saa. Mdundo, basi, umo ndani ya nyama yenyewe. Lakini nyama hiyo ina seli za msuli, seli za neva, seli za kinga, seli za kuunganisha, mishipa ya damu. Ni ipi inayopiga?

Hapo ndipo utamu unapoanza.

Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Mwitaliano Camillo Golgi, alikwisha kuziona seli hizi mwishoni mwa karne ya 19. Alitumia rangi ya buluu ya metilini na chumvi ya fedha, akazichora kwa mkono, mikono yake yote na matawi yake yote. Akadhani ni aina ya neva, neva za hali ya chini. Baada yake yakafuata mabishano ya miaka mingi ambayo nitayaruka, maana yanachosha: huyu anasema ni neva, yule anasema ni msuli, mwingine anasema ni seli za kuunganisha tu zisizo na kazi ya maana. Mwaka 1982 Lars Thuneberg wa Denmark akathubutu kusema wazi kwamba hizi ndizo zinazoanzisha mdundo. Wazo zuri sana. Shida ni kuthibitisha, kwa sababu buluu ya metilini haichagui vizuri, na hadubini ya elektroni inakuonyesha kipande kidogo mno, mitokondria nyingi hapa, kimfuko pale, na wewe ukae ubahatishe ni seli gani. Huwezi kumhesabu mtu usiyeweza kumtambua.

Kilichokuja kuvunja kizuizi ni protini iitwayo Kit. Inakaa kwenye ngozi ya seli, sehemu yake moja nje na nyingine ndani, ikipokea ishara inayoiambia seli iishi na ikue. Mwaka 1992 Hiromitsu Maeda na wenzake huko Japani walichapisha jambo la ajabu: walipowachoma sindano panya wachanga kwa kingamwili inayoizuia Kit, matumbo ya panya hao yalivimba na kusimama. Utumbo! Kwa protini ambayo watu waliijua kwa habari za damu na rangi ya ngozi! Kisha, mwaka 1994 na 1995, kikundi cha Sean Ward na Kenton Sanders huko Reno, Nevada, na kikundi cha Jan Huizinga huko Kanada wakawachukua panya waliozaliwa na Kit yenye kasoro. Panya hao ni weupe wenye macho meusi, kwa sababu seli zinazotia manyoya rangi nazo zinaihitaji Kit. Kwenye utumbo wao mwembamba, ule wavu wa seli za Cajal haukuwepo. Wakapima umeme wa msuli: mawimbi ya polepole, yaani ule umeme unaopanda na kushuka kwa mdundo, hayakuwepo pia. Seli zimeondoka, na mdundo umeondoka nazo.

Nimeirudia sehemu hii mara nyingi na bado inanisisimua. Tangu siku hiyo, mtu mwenye kingamwili ya Kit anaweza kuchukua kipande cha utumbo, wa panya au wa binadamu, na kuzifanya seli za Cajal zijitokeze. Kazi yenyewe unaweza kuieleza sokoni ukaeleweka. Kingamwili ni protini inayoshika kitu kimoja tu na kuacha vingine. Unaimwaga juu ya kipande chembamba cha nyama, unasubiri, unaosha. Iliyopata chake inabaki, iliyokosa inakwenda na maji. Kisha unaleta kingamwili ya pili, inayoishika ile ya kwanza, nayo imebeba rangi. Kwenye maabara za utafiti rangi hiyo hung'aa kijani au nyekundu ikipigwa mwanga. Hospitalini kwa kawaida ni kahawia, juu ya viini vya seli vilivyotiwa buluu. Ile ya kung'aa ndiyo inayonitoa machozi, ingawa hufifia ukiiacha kwenye mwanga. Ile ya kahawia haina mbwembwe, lakini inadumu, na hadubini ya kawaida inatosha.

Lakini Kit ina udhaifu, na sitauficha kwa sababu ya mapenzi. Seli za masti, zile zinazohusika na mzio na vita dhidi ya vimelea, nazo zinavaa Kit. Fikiria utumbo wa mtoto wa kwetu, wenye minyoo na uvimbe wa muda mrefu: seli za masti zinaweza kuwa zimejaa. Utapaka Kit, utaona kahawia nyingi, ukifurahi bure. Mtaalamu ataangalia umbo, seli ya masti ni ya mviringo, ya Cajal ina mikono, lakini kipande kikikatwa vibaya mikono haionekani. Tena kuna jambo la pili, baya zaidi: seli ya Cajal iliyougua inaweza kuipunguza Kit yake bila kufa. Unatangaza kifo, kumbe mwenyewe yupo.

Sasa leta protini nyingine, Ano1. Leta Ano1 na uwashe taa!

Historia yake ni ya kuchekesha. Mwaka 2004 watafiti wa chuo cha Stanford walikuwa wanatafuta alama ya aina fulani ya uvimbe wa tumboni, wakapata protini wasiyojua inafanya nini, wakaiita DOG1. Mwaka 2008 vikundi vitatu, cha San Francisco, cha Seoul na cha Genoa, kila kimoja kwa njia yake, vikagundua kwamba kuna protini ambayo ni mlango wa kloridi unaofunguliwa na kalsiamu. Ni ileile DOG1, na ndiyo hiyo Ano1! Na mwaka 2009 watafiti wa Mayo Clinic wakaonyesha kwamba ndani ya msuli wa utumbo, wa panya na wa binadamu, protini hiyo iko kwenye seli za Cajal na siyo kwenye seli za masti. Mwaka huohuo Reno wakapiga hatua ya mwisho: panya asiye na Ano1 ana wavu wake kamili wa seli za Cajal, Kit inawaka kama kawaida, lakini mawimbi ya polepole hayatoki.

Soma tena sentensi hiyo. Seli zipo, mdundo haupo.

Kwa hiyo Ano1 haikutambulishi seli tu, ndiyo yenyewe inayofanya kazi. Ndani ya seli ya Cajal kuna akiba ya kalsiamu. Kila baada ya muda mfupi akiba hiyo inavujisha kidogo, vijipovu vya kalsiamu vinalipuka hapa na pale. Kalsiamu inaigusa Ano1, mlango unafunguka, kloridi inatoka nje, na umeme wa seli unabadilika. Badiliko hilo linapita kwenye mikono, seli kwa seli, mpaka kwenye msuli ulioungana nazo. Msuli unafungua milango yake ya kalsiamu na kujikunja. Kisha kalsiamu inarudishwa ghalani, mlango unafungwa, na mambo yanaanza upya. Hicho ndicho ulichokiona kwenye karai la mchinjaji.

Picha bora kuliko zote ni zile zenye rangi mbili: Kit nyekundu, Ano1 kijani, na pale zinapokutana pamoja ni manjano. Wavu wote manjano, na kando kando vidoa vyekundu vya mviringo vilivyo peke yake. Wale ni seli za masti, wamekamatwa! Kuna watafiti wanaoongeza rangi ya tatu kwa protini iitwayo PDGFRα, na hapo inajitokeza jamii nyingine kabisa ya seli, jirani wa karibu wa seli za Cajal, ambazo zamani zilichanganywa nazo. Tatu zote kwenye picha moja ni fujo kidogo kwa jicho langu. Mbili zinatosha.

Kloridi hiyohiyo inayotoka kupitia Ano1, mtu wa Baraka anaijua kwa jina jingine la uchungu. Kipindupindu kimekuwa kikirudi kwenye mwambao huu wa Tanganyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na vituo vya kukitibu tumevizoea. Sumu ya kipindupindu inaufungua mlango mwingine wa kloridi, kwenye ngozi ya ndani ya utumbo, siyo kwenye msuli, kloridi inamwagika na maji yanaifuata. Chumvi moja, milango miwili tofauti, sakafu mbili tofauti za utumbo mmoja. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba seli za Cajal ndizo zinazosababisha kuhara kwa kipindupindu, sizo. Lakini wauguzi wanajua pia upande wa pili: mgonjwa aliyepoteza potasiamu nyingi kwa kuhara, tumbo linavimba, unaweka stetoskopu, kimya. Msuli na umeme wake vimekwama. Sijawahi kulisikia tumbo kwa namna ileile tangu nilipozijua seli hizi.

Tukizungumzia kuhara, kuna pia Che, mwanamapinduzi. Mwaka 1965 Ernesto Guevara, daktari kwa masomo, alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili akatua Kibamba, akakaa kwenye milima yetu ya Fizi mpaka Novemba. Katika kumbukumbu zake za Kongo hakuficha jinsi kuhara kulivyomtesa. Katika vitabu vya udaktari alivyosoma kijana huyo, jina la Cajal lilikuwa la mtaalamu wa ubongo. Kuhusu nani anaupa utumbo mdundo, hakuna aliyekuwa na jibu.

Basi, zaidi ya uzuri, kuna faida gani? Ipo, na ni kubwa. Jeni la Kit likibadilika kwenye seli za Cajal, likawa limewashwa bila kuzimika, hukua uvimbe uitwao GIST, hasa kwenye mfuko wa chakula na utumbo mwembamba. Zamani uvimbe huo uliandikwa kuwa ni wa msuli wa kawaida, na dawa za saratani hazikuugusa. Mwaka 1998 Seiichi Hirota na wenzake huko Japani walionyesha mabadiliko hayo ya Kit. Mwaka 2000 mgonjwa mmoja Finland alipewa imatinibi, kidonge kinachoizima Kit, uvimbe ukanywea, na taarifa yake ikachapishwa mwaka uliofuata. Kidonge! Kwa uvimbe ambao kisu kilikuwa kimeshindwa nao. Lakini kidonge hicho hakiandikwi kwa kukisia. Lazima kipande kipakwe Kit, na pale Kit inapokosekana, DOG1, ambayo sasa unajua ni Ano1, mara nyingi inaokoa jahazi. Nairobi wamekuwepo wagonjwa waliopata dawa hii bila malipo kupitia mpango wa kampuni iliyoitengeneza. Cheti cha kuingilia kilikuwa jibu la maabara.

Kuna na habari nyingine za kutafakari. Watafiti wa Mayo walihesabu seli hizi kwa watu wa rika mbalimbali, wakakuta kwenye mfuko wa chakula na utumbo mpana zinapungua kwa asilimia kama 13 kila miaka 10 ya utu uzima. Wazee wanaolalamika kwamba choo ni kizito na chakula hakishuki, wasikilizwe kwa heshima zaidi. Wagonjwa wa kisukari ambao mfuko wao wa chakula umechelewa kujimwaga, wengi wao hukutwa wavu umechanika.

Sasa hukumu, maana nataka kusifu kwa macho mawili. Kit ninaipa 7 juu ya 10: ni mzee wa kazi, inajulikana kila maabara, lakini inachanganya seli za masti na inaweza kufifia kwenye seli iliyo hai. Ano1 ninaipa 9. Inawaka safi ndani ya msuli, na kazi yake inajulikana. Ninainyima alama moja kwa sababu nje ya msuli wa utumbo iko pia kwenye tezi za mate na njia ya hewa, kwa hiyo jua umekata wapi kabla hujasherehekea. Zote mbili pamoja ninazipa 10, na anayetaka kubisha aje tubishane.

Mtaniuliza, yote haya yanatuhusu vipi sisi ambao wengi wetu tunategemea sola na jenereta, na barabara ya Uvira ikipata mvua ni hadithi nyingine? Yanatuhusu, kwa sababu sehemu ngumu si lazima ifanyike Baraka. Kingamwili zinahitaji ubaridi, lakini kipande cha nyama hakihitaji. Kikishalowekwa vizuri kwenye formalini, kisha kikafungwa kwenye nta, kinakaa miaka kikisubiri, na kinaweza kusafiri Bukavu, Kigali au Nairobi. Kinachoharibu ni saa za kwanza. Kwa hiyo kwenu madaktari wa upasuaji na wauguzi wa Baraka, Nundu na Fizi: mkitoa uvimbe tumboni, msiutupe, msiuweke kwenye spiriti wala maji ya chumvi. Utieni mara moja kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake mara 10 ya nyama, na kama ni mkubwa upasueni ili dawa iingie. Andikeni jina, tarehe na mahali ulipotoka. Na kwenye karatasi ya maombi ongezeni maneno mawili: Kit, DOG1.